UZI: Siku tisa katika kijiji cha Cabanaconde, bonde la Colca, Peru

#1 Mleta uzi

Habari za leo wakuu.

Uzi huu ni mrefu na nitaushusha kwa vipande, maana naandika usiku nikishatoka kazini. Mwenye swali aulize hata katikati, nitamjibu.

Kwetu ni Kibosho, Kilimanjaro. Huu ni mwaka wangu wa sita Hispania, kwa hiyo Kihispania kinapanda. Mwezi wa nane kazi ilinipeleka Lima, na nilipomaliza nikachukua likizo yangu hukohuko. Kila mtu alinitajia Machu Picchu, ule mji wa kale wa mlimani. Mimi hamu yangu ilikuwa kuona mlima ambao watu bado wanaulima. Mwenzangu wa kazini, mzaliwa wa Arequipa, akaniambia: "Nenda Colca, ila usiende kwa siku moja." Ushauri huo sikuushika, na ulinigharimu.

Arequipa ni mji wa kusini mwa Peru, mita 2,335 juu ya usawa wa bahari. Nyumba zake za zamani ni za jiwe jeupe la volkano, wenyewe wanaliita sillar, na nyuma ya mji umesimama mlima Misti, mita 5,822. Umepungukiwa na Kibo mita 73 tu. Asubuhi ya kwanza nilifungua dirisha nikauona, nikakaa kitandani kwanza.

Wakala mmoja mjini aliniuzia safari ya siku moja. Gari linakupitia saa tisa usiku, mnapanda gizani, mnavuka njia ya mlimani ya Patapampa kwenye mita 4,910, saa tatu asubuhi mko Cruz del Cóndor mnatazama ndege wakubwa wanaoitwa kondori, saa kumi na moja jioni mmerudi mjini. Niliahidiwa muda wa kutembea kijijini. Muda wenyewe ulikuwa dakika ishirini, za kununua kofia na kupiga picha na alpaka, mnyama wa sufu wa huko, aliyevishwa utepe. Na kichwa kilikuwa kinaniuma kiasi kwamba mwanga wa jua uliniumiza macho. Kutoka mita 2,335 mpaka 4,910 kwa saa chache, mwili unakataa, awe nani.

Lakini dirishani niliona kitu kilichonirudisha. Ukishatoka mji mdogo wa Chivay kuelekea Maca, milima ya pande zote mbili za mto imekatwa ngazi. Ukuta wa mawe, kipande cha shamba, ukuta, shamba, kutoka mtoni mpaka kule juu jicho linakochoka. Ngazi hizo zilijengwa karne nyingi kabla Mzungu hajafika, na nyingine hata kabla ya Wainka, waliotawala milima hii Wahispania walipofika. Na juu ya zile zenye mazao kulikuwa na mstari mwembamba wa kijani, umelala ubavuni mwa mlima, ukikunja kila mlima unapokunja. Aliyelelewa Uchagani haulizi hapo. Ule ni mfongo.

Kwa wasiojua: mfongo ni mfereji wa asili, unatoa maji mtoni juu kabisa na kuyatembeza ubavuni mwa mlima hadi vihambani, yaani mashamba ya nyumbani. Wetu ulipita nyuma ya jiko la bibi. Nilipokuwa darasa la tano ulikuwa bado unaimba usiku. Sasa hivi ni kijia chenye majani.

Kesho yake nilikwenda stendi nikakata tiketi ya basi la kawaida, mpaka mwisho wa njia. Mwisho wa njia panaitwa Cabanaconde.

Nitaendelea.

#2 Mchangiaji, Mbeya

Dada shusha vitu, nimekaa mkao wa kusoma. Hao watu ndio Wainka tunaowasoma? Na kwenye baridi yote hiyo wanalima nini? Sisi huku Uporoto tunajisifia viazi.

#3 Mleta uzi

Mkuu wa Mbeya, viazi vyenu asili yake ni hiyohiyo milima ya Andes. Huko ndiko vilikoanza kulimwa maelfu ya miaka iliyopita, na hadi leo Kituo cha Kimataifa cha Viazi makao yake ni Lima. Nilikula vya zambarau, vya njano, na vingine vyenye vifundo kama tangawizi. Ukivimenya havinyooki, lakini utamu wake ni wa kipekee.

Sasa safari. Basi ni kama saa sita kutoka Arequipa. Akina mama wamefunga mgongoni vitambaa vya rangi kali, mafundo kifuani, vilevile mama wa kwetu anavyofunga kanga; huwezi kujua ndani mna mtoto au mna vitunguu mpaka kitu kilie. Tulipofika nyanda za juu, pembezoni mwa madimbwi kulikuwa na barafu nyembamba, na vikunya wanakula nyasi. Vikunya ni jamaa wa ngamia, mwepesi, rangi ya mkate uliookwa vizuri, na sheria inamlinda. Mama niliyekaa naye alinitazama usoni, akatoa mfuko kiunoni, akanipa majani ya koka na kunionyesha niyaweke shavuni. Akasema: "Mwanangu, huku juu usiongee sana. Pumua." Pale Patapampa abiria wengine walifanya ishara ya msalaba. Pembeni ya barabara kuna mamia ya vijinguzo vya mawe, jiwe juu ya jiwe, wanayoyaacha wapitaji kuuomba mlima njia.

Baada ya Chivay (mita 3,635) unafuata ukingo wa kushoto wa mto: Yanque, Achoma, Maca, Pinchollo. Pale Maca ardhi inatembea. Kijiji kimekaa juu ya poromoko lisilotulia, na barabara imepasuka na kuzibwa mara nyingi kiasi kwamba dereva anapita kama anayevuka mto. Halafu bonde linaanza kuzama. Upande wa kulia ardhi inakatika, na unajua sasa uko ukingoni mwa korongo, mojawapo ya makorongo marefu kwenda chini kuliko yote duniani, zaidi ya mita 3,000 ukipima kutoka vilele hadi mtoni.

Kuhusu Wainka: watu wa bonde hili walikuwepo kabla yao. Upande wa juu wa bonde ni Wakolagwa, huku chini Cabanaconde ni Wakabana. Mwaka 1586 hakimu wa Kihispania, Juan de Ulloa Mogollón, aliandika kwamba Wakolagwa walisema wametoka kwenye mlima wa volkano uitwao Collaguata, na walikuwa wakifunga vichwa vya watoto wachanga ili virefuke vifanane na mlima huo. Wakabana walisema wametoka mlima Hualca Hualca, wao wakifanya vichwa viwe vipana. Wahispania walipiga marufuku. Leo tofauti imehamia kwenye kofia. Mwanamke wa Kikolagwa utamwona na kofia nyeupe ya majani makavu yenye utepe, wa Kikabana ana kofia iliyotariziwa yote kwa uzi wa rangi, maua, ndege na samaki. Nilimwona mtarizi mmoja akifanya hivyo kwa cherehani, anazungusha kofia chini ya sindano bila mchoro wowote. Mkono tu unajua.

Na ukiona kila kijiji kina uwanja wa mraba, kanisa kubwa la mawe na mitaa iliyonyooka, ni kazi ya gavana mkuu wa Kihispania, Francisco de Toledo. Miaka ya 1570 aliwakusanya watu waliokuwa wametawanyika milimani akawaweka pamoja ili wahesabike, walipe kodi na wabatizwe. Msomaji wa Tanzania mwenye wazazi waliohamishwa kwenye vijiji vya miaka ya 1970 ataelewa maana ya kuacha kaburi la babu yako upande wa pili wa mlima.

#4 Mchangiaji, Arusha

Mimi naongoza wageni Kilimanjaro mwaka wa kumi na moja. Hicho kijiji kiko mita ngapi? Nataka nilinganishe na kambi zetu. Na nasisitiza kwa wote: kichwa kikianza kuuma hivyo, usipande zaidi.

#5 Mleta uzi

Kaka, Cabanaconde ni mita 3,287. Piga hesabu mwenyewe: Mandara 2,720, Horombo 3,720. Yaani watu wamejenga, wamezika, wameozesha na wanacheza mpira katikati ya Mandara na Horombo. Mara hii nililala usiku mbili Arequipa na moja Chivay kabla ya kufika, na sikuumwa tena.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, mtu wa miaka sitini na kitu. Yeye aliniita "mamita", mimi nilimwita "señora", na siku ya tatu aliniambia nimwite mama. Sitamtaja jina. Nyumba yake ina ua wa mawe, jiko la kuni, simbilisi, huko wanaitwa cuy, wanakimbia chini ya meza, na kwenye kona kuna mtungi wa chicha. Chicha ni pombe ya mahindi yaliyooteshwa. Nilipomwambia kwetu tunaotesha ulezi kupata kimea, tunachanganya na ndizi tunapata mbege, alicheka, akaita jirani aje asikie. Kuanzia hapo sikuwa mgeni wa kupita.

Nilifika mwanzoni mwa Septemba, na huo ndio wakati wa kupanda mahindi. Mvua inaanza Desemba hivi. Sasa ukipanda Septemba kwenye nchi kavu namna ile, mbegu inaishi kwa maji ya mfereji tu. Kwa hiyo kijiji kizima kinaongea maji. Dukani maji, kanisani maji, mlangoni watu wanasimama wanauliza: "Yamefika wapi?"

Maji yanatoka mlima Hualca Hualca, mita 6,025, ule ambao mababu walisema wametoka humo. Theluji inayeyuka, kijito kinashuka, kijiji kinakikamata juu kwenye banio na kukileta mashambani kwa mfereji. Hayatoshi wote kwa mara moja, hivyo kuna zamu. Na zamu hiyo ina utaratibu wa tangu zamani: kijiji kimegawanyika nusu mbili, anansaya ya juu na urinsaya ya chini, na mashamba nayo yana upande wake. Kila nusu ina mgawa maji wake, mtu aliyepewa kazi hiyo na wenzake, anayelala nje na blanketi na koleo, ahakikishe hakuna anayeiba usiku. Wahandisi wa serikali kwa miaka mingi wamekuwa wakisema ingekuwa bora maji yaende shamba kwa shamba kuanzia upande mmoja, maji kidogo yangepotea njiani. Mama aliniambia hoja hiyo haikosi akili. Lakini akasema mgawa maji wa nusu yako anakujua, anajua mwaka jana ulikosa, na asipokutendea haki utakutana naye kanisani Jumapili.

Usiku wa tano zamu ya mama ikafika. Saa nane za usiku. Kaka yake aligonga dirisha, tukatoka watatu na taa za kichwani. Baridi ilikuwa ya kukaza mashavu. Tulisimama juu ya ngazi ya kwanza ya shamba, hamna anayesema neno, halafu tukayasikia kabla ya kuyaona: mlio mdogo, kama mtu anayekunja karatasi mbali. Maji yaliingia na povu jembamba mbele, yamebeba vijiti, majani makavu na vumbi la juu ya udongo. Kaka mtu aliingiza kona ya koleo kwenye pande la majani lililoziba mdomo wa shamba, akalinyanyua lote kwa mara moja akaliweka upande wa pili, na mfereji ukageuka. Udongo ulikunywa. Naomba mniamini, unasikia kabisa udongo unakunywa, unatoa vipovu na harufu ileile ya mvua ya kwanza. Ngazi ya juu ilipojaa, maji yalipita kwenye kijito kilichochongwa ndani ya jiwe la ukuta yakashukia ya pili bila kubomoa hata kokoto. Sisi tulishuka pembeni, kwa mawe yaliyochomoza ukutani kama vidato vya ngazi. Jiwe la katikati limelika, lina shimo la nyayo.

Mama hakupiga makelele wala kuharakisha. Alikuwa anatazama kona ya mbali ya shamba, ile ambayo maji huchelewa kufika. Yalipofika kona hiyo alisema "basi", kaka mtu akarudisha pande la majani mahali pake. Dakika hiyohiyo, gizani chini yetu, koleo la jirani likasikika.

Nilirudi kitandani sikulala. Nilikuwa nikiwaza mfongo wa Kibosho na siku za usafi, baba zetu wamepanga mstari na majembe, na asiyekuja analipa faini. Cabanaconde nako asiyekuja kusafisha mfereji analipa faini. Nilijiuliza sisi tuliacha lini hasa. Hapakuwa na siku moja ya kuacha. Watu wachache walikosa, faini haikudaiwa, bomba likaja, vijana tukaondoka. Na mimi ni mmojawapo.

Siku nne baadaye tulipanda. Fahali wawili wenye utepe kwenye vipaji vya nyuso, mwanamume anashika jembe, mwanamke anafuata nyuma akidondosha mbegu kwenye mfuo. Kudondosha mbegu ni kazi ya wanawake, nikapewa kapu. Kabla ya mfuo wa kwanza mama alimwaga chicha ardhini na kutaja mlima kwa jina. Mahindi yao wanayaita cabanita, punje zina rangi nyingi, na watu wa mabonde mengine wanakuja kuyafuata kwa kubadilishana na nyama kavu na sufu.

#6 Mchangiaji, Same

Nimesoma hicho kipande cha usiku mara mbili. Sisi Upareni tuna ndiva, bwawa la kukusanya maji usiku ili asubuhi yagawanywe, na ya kwetu bado inafanya kazi. Zamu inaandikwa daftarini sasa, ila ugomvi ni uleule. Swali: serikali yao haijawahi kuwanyang'anya maji? Maana mto mkubwa unapita hapo chini.

#7 Mleta uzi

Kaka wa Same, umegusa penyewe. Mto Colca upo chini kabisa ya korongo, hawawezi kuupandisha. Na maji yake yalichukuliwa juu, kabla hayajazama.

Kuanzia miaka ya 1970 serikali ya Peru ilijenga mradi wa Majes: bwawa kule Condoroma, na mahandaki na mifereji yenye urefu wa kama kilomita 100 ya kupeleka maji ya Colca kwenye jangwa la Majes, karibu na pwani, ili palimwe. Mfereji huo ulipita kwenye ardhi ya vijiji hivi. Vijiji vilipewa vumbi la baruti na vibarua vya muda. Maji, hapana. Halafu ukaja ukame. Mwaka 1983 Cabanaconde mahindi yanakauka, na juu ya vichwa vyao maji yanapita kwenye zege kwenda kwa wengine. Wanaume kumi na mmoja walipanda usiku mpaka mahali panapoitwa Tomanta, wakaufungua mfereji. Polisi walipokuja kuwatafuta, kijiji kizima kilisimama nao. Mwishowe serikali ikakubali Cabanaconde ipate maji ya mfereji, na vijiji vingine vya ukingo ule navyo vikadai vyao. Mashamba yaliyokuwa yametelekezwa yalirudi kulimwa.

Hao kumi na mmoja kijijini wanaitwa mashujaa, na hakuna anayesema neno hilo kwa kutania. Mwenyeji wangu alikuwa msichana wakati huo. Anakumbuka mama yake akipika viazi vingi kuliko ilivyo kawaida na kumkataza asiulize ni vya nani.

Mimi sifundishi watu kuvunja mifereji. Lakini nilikaa na habari hii kwa siku nyingi, kwa sababu kabla ya pale nilidhani kijiji kinachotunza mila ni kijiji kilichoachwa na dunia. Hawa hawakuachwa hata kidogo. Dunia iliwapitia juu ya kichwa na zege, na walijua haki yao kwa kuwa walikuwa wamezoea kuihesabu kwa dakika na kwa koleo.

Jambo jingine litakalowagusa Wachaga wenzangu. Wakabana wengi wamehamia Lima, Arequipa, na Marekani kwenye jimbo la Maryland, karibu na Washington. Julai, kwenye sikukuu ya Bikira wa Karmeli, wanarudi. Wanagharimia bendi, nguo za sanamu, michezo ya ng'ombe, chakula cha kijiji kizima. Nyumba kubwa zinazokaa zimefungwa mwaka mzima, mwezi huo zinafunguliwa. Nilipita mbele ya moja, ghorofa mbili, vioo vya bluu, kufuli lina kutu. Mwaona wenyewe Desemba yetu.

Kuhusu korongo: nilishuka kwa miguu siku mbili. Unatoka kijijini, njia inajikunja kunja mpaka San Juan de Chuccho, unapita Cosñirhua na Malata, unalala Sangalle, bustani ya mitende chini kabisa kwenye mita 2,180 hivi. Juu unavaa koti, chini unatoka jasho na kuna parachichi na tini. Kupanda tena ni kama mita 1,100 wima. Mimi ilinichukua saa nne, nyumbu waliobeba mizigo walinipita mara mbili. Kule Malata bibi mmoja alibandua kitu cheupe kama unga kutoka kwenye mpungate, akakiponda kiganjani. Nyekundu ya damu. Ni mdudu, kochinili, ndiye anayetoa rangi ya vitambaa vyao. Kisha akakamulia ndimu, na nyekundu ikageuka rangi ya chungwa mbele ya macho yangu. Alinipaka kidogo mkononi, ilikaa siku tatu.

#8 Mchangiaji, Dar es Salaam

Uzi bora nimesoma mwaka huu. Mimi nina maswali ya kawaida tu. Pesa? Kondori uliwaona? Nimewahi kusikia habari ya binti aliyekutwa kwenye barafu maeneo hayo, ni kweli? Na sisi watu weusi tunapokelewaje?

#9 Mleta uzi

Pesa: tembea na taslimu, noti ndogo za soli. Bonde lina tiketi ya wageni, mimi nililipa soli 70. Chumba na chakula kijijini ni nafuu kuliko Arequipa, na pesa inaingia moja kwa moja kwa mwenye nyumba.

Kondori: ndiyo, na mara ya pili niliwaona vizuri zaidi kwa sababu nilitembea kutoka kijijini alfajiri. Ni tumbusi mkubwa mno, mabawa yake yakinyooka yanapita mita tatu. Hapigi mabawa. Anakaa mwambani akingoja jua lipashe hewa ya korongo, halafu anajiachia na hewa inampandisha. Mmoja alinipita kwa chini, niliona mgongo wake na kola nyeupe ya shingoni, na nilisikia upepo kwenye manyoya. Mwezi wa tano hadi wa kumi na moja ni wakati mzuri, anga ni kavu.

Binti: ni kweli. Tarehe 8 Septemba 1995 Johan Reinhard na mpandaji wa Kiperu, Miguel Zárate, walimkuta kwenye mlima Ampato, mita 6,288. Majivu ya volkano jirani, Sabancaya, yalikuwa yameyeyusha theluji ya kilele. Alitolewa sadaka na Wainka zaidi ya miaka 500 iliyopita, akiwa na umri wa kati ya miaka 12 na 15 hivi. Wanamwita Juanita, yuko kwenye jumba la makumbusho la chuo kikuu pale Arequipa, ndani ya kioo chenye baridi. Nilikwenda. Nilisimama dakika chache nikatoka. Nadhani angestahili kurudishwa kwenye mlima, ingawa najua wanasayansi wamejifunza mengi kwake. Sabancaya yenyewe inafuka hadi leo. Ukiwa njiani utaiona inatoa wingu la kijivu, watu wanaendelea kuchunga.

Sisi weusi: walinitazama, watoto walinifuata. Mzee mmoja aliniuliza kama mimi ni wa Chincha, maana huko pwani ya Peru kuna jamii za weusi tangu enzi za utumwa. Nilipomwambia Afrika, alinishika mkono akauliza kama kwetu kuna mvua. Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza.

Majani ya koka: kule ni halali na yanasaidia, lakini usiyaweke kwenye begi unaporudi. Nchi nyingi utakamatwa.

#10 Mchangiaji, Moshi

Dada yangu, mimi niko Kibosho hapa hapa. Mifongo mingine bado inapita, msikate tamaa. Swali langu ni moja: hiyo theluji ya mlima wao inadumu? Yetu tunaiona inavyokwisha. Na baba yako ulimsimulia?

#11 Mleta uzi

Kaka, inapungua. Peru imepoteza zaidi ya nusu ya barafu yake ya milimani tangu miaka ya 1960. Siku ya mwisho mama alinionyesha Hualca Hualca kutoka uani, akachora kwa kidole hewani theluji ilikofika alipoolewa na inapoishia sasa. Kati ya mistari hiyo miwili ni mwamba mweusi mtupu. Nikamuuliza watafanya nini. Akasema mwaka huu zamu imeongezewa siku, kila mtu anangoja zaidi, na wanazungumza kuhusu kujenga bwawa dogo juu kule. Kaka wa Same, nilimweleza ndiva yenu kadiri nilivyoielewa, akataka nimchoree. Nilichora nyuma ya tiketi ya basi. Kama ungenitumia picha ya ile ya kwenu, hasa mlango wa kutolea maji, nitamtumia mwanawe aliye Arequipa amfikishie.

Baba nilimpigia nikiwa bado kule, nikamtumia na sauti niliyorekodi ile saa nane usiku. Aliisikiliza, akanyamaza, nikadhani mtandao umekatika. Halafu akaniuliza kwa Kichaga zamu anaipanga nani, na akikosea anashtakiwa wapi. Tuliongea saa nzima, jambo ambalo hatujafanya tangu nihame.

Juzi amenipigia yeye. Amepanda na kijana wa jirani mpaka kwenye banio letu. Anasema mawe yake yote yapo, isipokuwa mawili, na mti wa mringaringa umeota katikati ya mfereji, umeshakuwa mnene kama paja. Ananiuliza mimi kama waukate au wauzungushe. Natua KIA tarehe 19 Desemba. Kaka wa Moshi, kama uko jirani, nitumie ujumbe wa faragha, tutahitaji watu na majembe.